Bita ya Kiingereza: haikuwa baridi, haikuwa na gesi, je ilikuwa imeharibika?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi natoka Moshi, nasoma shahada ya pili hapa Leeds. Wiki jana wanafunzi wenzangu walinipeleka kwenye baa ya zamani, wakaniagizia painti, yaani glasi kubwa, ya bita, bia yao ya jadi. Haikuwa baridi, gesi ilikuwa kidogo mno, na mimi nilisikia uchungu tu. Wao waliisifu mpaka nikaona aibu kuuliza, nikaimaliza kimya kimya. Je, bia ile ilikuwa imeharibika au mimi ndiye sijui kuinywa? Nifanyeje nipate kuelewa wanachokisifu? Na nikija likizo, naweza kumletea baba?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa masomo.

Kwa hayo uliyoyaeleza sioni dalili hata moja ya bia iliyoharibika. Ingekuwa imeharibika ungeniandikia habari za siki, au kadibodi iliyoloa, au siagi. Umeniandikia habari za ubaridi, gesi na uchungu, na yote matatu yalikuwa vile yanavyotakiwa. Tatizo ni kwamba uliipima kama laga. Laga, iwe Kilimanjaro, Safari au Tusker, ubora wake uko kwenye funda la kwanza: umetoka juani, chupa inatoka jasho, unameza, kiu inakatika. Baada ya hapo kila dakika inayopita inaipunguzia. Bita inakwenda kinyume chake. Funda la kwanza halisemi mengi, na anayeihukumu hapo hataipata kamwe. Inaanza kujieleza glasi ikifika nusu, ulimi ukishauzoea uchungu na kuanza kusikia vilivyo nyuma yake.

Basi jibu fupi ni hilo: usitoe hukumu kabla ya nusu ya pili ya painti. Jibu refu linahitaji tuteremke kwanza chini ya baa.

Kwetu mhudumu anauliza, "Ya moto au ya baridi?" Ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti, ya baridi ni ile ya friji, na mjadala umekwisha. Bita si mojawapo ya hizo. Inatakiwa kufika kwenye glasi ikiwa na nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, ambalo ni joto la chumba kilichochimbwa ardhini katika nchi ya Uingereza, kabla hata umeme haujafikiriwa. Siku hizi chumba hicho kinapozwa kwa mashine, lakini kipimo hakikubadilika, kwa sababu watu waligundua kwamba ndipo bia hii inapotoa harufu yake. Ishushe mpaka nyuzi 4 na harufu inajifungia ndani, utamu wa kimea unapotea, unabaki uchungu na maji. Ipandishe mpaka 18 na inakuwa nzito, chapwa, kama kitu kilichosahauliwa dirishani. Kwa hiyo wanaosema Waingereza wanakunywa bia ya moto wanakosea, na baa inayokupa bia ya moto nayo inakosea.

Gesi ndiyo habari yenyewe hasa. Mtu wa Moshi hahitaji kufundishwa pombe hai ni nini. Mbege inapikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, inatiwa gome la msesewe lipate kuleta uchungu, na ikishaiva ina siku zake: leo tamu, kesho kali, baada ya hapo imechacha. Bita ya pipa iko katika ukoo huo. Mpishi wa bia haimalizi kiwandani. Anaijaza kwenye pipa ikiwa bado ina hamira hai na sukari kidogo, analiziba, analipeleka baa. Hamira inaendelea kula sukari ndani ya pipa, na gesi inayotokana na kazi hiyo ndiyo gesi pekee utakayokutana nayo kwenye glasi. Hakuna mtungi wa kusukuma. Ndiyo maana gesi yake ni chini ya nusu ya ile ya laga, na ndiyo maana ukaona kama haipo. Ipo, lakini inaguswa na ulimi kwa upole badala ya kuuchoma.

Pipa la kawaida la baa lina galoni 9, kama lita 41, yaani painti 72. Likifika linalazwa ubavu juu ya viegemeo na kuachwa litulie. Mtunza mapipa anagongea kijiti cha mti laini kwenye kizibo cha juu. Kijiti hicho kinapitisha hewa, kwa hiyo gesi iliyozidi inatoka na povu linachemka kuzunguka mdomo. Anaangalia, anafuta, anaangalia tena. Povu likitulia anang'oa kijiti laini na kuweka cha mti mgumu kisichopitisha kitu, ili gesi iliyobaki isikimbie. Akiwahi kuufunga, bia inakuwa na fujo. Akichelewa, inakufa. Hakuna saa wala kipimo kinachomwambia wakati umefika, anajua kwa mazoea.

Wakati huo huo bia inajisafisha. Kiwandani walitia kitu cha kuvuta hamira chini, na hapa watu wa Mwanza watacheka: ni bondo la samaki. Lile puto la ndani ya samaki ambalo kanda ya ziwa linauzwa kwa bei kubwa kuliko minofu, Waingereza tangu zamani walikausha mabondo ya aina mbalimbali ya samaki, wakayalainisha kwa asidi, wakayatia kwenye bia. Yanashikana na hamira na kuzama nayo, na baada ya siku moja au mbili bia juu inakuwa angavu kama kioo. Mashapo yanabaki tumboni mwa pipa. Wapo wapishi wa leo walioacha kutumia bondo kwa ajili ya wasiotumia chochote cha mnyama, na bia zao huja na ukungu kidogo. Kibao kilicho kwenye bomba huwa kinasema.

Kisha pipa linatobolewa na bia inavutwa juu kwa bomba la mkono, ule mpini mrefu uliouona mhudumu akiuvuta polepole. Kila anapovuta, hewa inaingia kwenye pipa kuchukua nafasi ya bia iliyotoka. Kuanzia hapo saa inahesabu. Pipa lililofunguliwa linatakiwa liishe ndani ya siku 3 hivi. Kwa hiyo nusu ya ubora wa bita iko mikononi mwa mtu wa chini ya ngazi ambaye hutamwona, na nusu nyingine iko kwa wanywaji wenzako: baa yenye wateja wengi wa bita ina bita nzuri, na baa yenye mabomba 8 na wateja 5 ina mapipa 8 yanayozeeka. Hiki ndicho kigezo changu cha kwanza nikiingia mahali nisipopajua. Sitazami ukuta, natazama watu wameshika nini.

Utamaduni huu ulikaribia kupotea. Miaka ya 1960 kampuni kubwa zilianza kuondoa mapipa na kuleta kegi, bia iliyochujwa, ikachemshwa ikafa, kisha ikasukumwa kwa gesi ya mtungi. Haihitaji fundi, haichachi, na kwa mwenye hesabu inavutia. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza wakiwa likizoni Ireland walianzisha chama cha kuitetea bia ya pipa, CAMRA, na kelele zao zilisikika. Mimi si mfuasi wa kila wanachosema, maana kegi ikipikwa vizuri si dhambi, lakini bila wao wewe usingekuta kitu cha kuniuliza.

Sasa tuingie kwenye glasi.

Uchungu uliousikia unatokana na hopsi, maua ya mmea unaopanda kama mharage mrefu. Zile zinazotiwa mwanzo wa kuchemsha hutoa uchungu, zile za mwisho hutoa harufu, na wapo wanaotupia ngumi moja ya hopsi ndani ya pipa lenyewe. Aina za Kiingereza zenye jina ni Goldings na Fuggles, zilizojulikana zaidi katika mashamba ya Kent. Hazina makelele ya hopsi za Marekani zinazonukia maembe na mapera. Hizi zinanukia ganda la chungwa, majani makavu, udongo uliopata mvua. Mbele yake kuna kimea cha shayiri. Wapishi wengi wanang'ang'ania shayiri ya Maris Otter, iliyozalishwa Cambridge na kuingia mashambani katikati ya miaka ya 1960, ingawa mkulima anavuna mavuno madogo kuliko ya mbegu mpya. Inatoa ladha ya biskuti na mkate uliochomwa. Kidogo cha kimea kilichokaangwa kikawa kama karameli kinaongeza rangi ya shaba na utamu wa tofi. Maji nayo yana lake: visima vya Burton-on-Trent vina jasi nyingi, na jasi inaufanya uchungu uwe mkavu na wazi, ndiyo maana wapishi wa miji mingine huongeza jasi kwenye maji yao. Hamira inakamilisha kwa harufu ya matunda, mara nyingi chungwa au peasi lililoiva.

Ukivipanga vyote hivyo kwa kiasi kidogo kidogo, bila kimoja kupanda juu ya kingine, umepata bita. Kazi ya mpishi ni mizani. Ukiulizwa bita fulani ina ladha ya nini na ukaweza kujibu kwa neno moja, basi hiyo si nzuri sana.

Uko Leeds, kwa hiyo jambo moja la huko lazima ulijue. Yorkshire wanafunga kwenye mdomo wa bomba kichwa kidogo chenye matundu membamba. Bia ikipita hapo inapigwa, inatoa povu zito la maziwa, mwili wake unakuwa laini, na makali ya uchungu yanapungua. Kusini hawakitaki. Wanasema kinaitoa gesi ile kidogo iliyotunzwa kwa taabu, na wanapenda bia yenye povu jembamba na uchungu ulio wazi. Ugomvi huu hauna mwisho na usijaribu kuusuluhisha mezani. Mimi nakunywa kila bia kwa desturi ya ilikozaliwa. Bia ya kaskazini ilipikwa ikijua itapitia kwenye matundu yale, na bila hayo inakuwa na ncha. Bia ya kusini ukiipitisha hapo unaivua nguo.

Leeds yenyewe ilikuwa mji wa Tetley, kiwanda kilichoanza 1822 na kufungwa 2011. Lakini hujafika kwenye jangwa. Magharibi yako kuna mji wa Keighley, ambako Timothy Taylor wanapika Landlord tangu kizazi cha babu zako. Kampuni ilianza 1858. Landlord ina asilimia 4.3 za kilevi, na imeshinda mara nne tuzo ya bia bora ya Uingereza ya CAMRA. Mimi nikipewa bia moja ya kumfundishia mtu bita, naichagua hiyo: harufu ya chungwa na maua, katikati biskuti, mwisho mkavu unaokuita tena. Ina tabia moja, inamtaka mtunza mapipa aiache itulie muda mrefu kuliko bia nyingine, kwa hiyo baa yenye pupa huiharibu. Kaskazini, Masham, kuna Black Sheep, iliyoanza 1992, asilimia 3.8, nyembamba zaidi na yenye uchungu wa kukausha koo. Kwenye mji wa Tadcaster kuna Samuel Smith's, ambao bado wanaweka bita yao kwenye mapipa ya mbao na kuichachusha kwenye masanduku ya mawe ya sleti yenye ghorofa mbili, ambapo hamira inapanda kupitia tundu na kubaki juu. Baa zao bei ni nafuu kwa mwanafunzi, ila simu hazitakiwi ndani. Ukipenda jengo la zamani, nenda Whitelock's, kwenye uchochoro wa Briggate, ambayo imekuwepo tangu 1715.

Ukishika safari ya kusini, tafuta Sussex Best ya Harvey's wa mji wa Lewes, ya asilimia 4.0. Ni bia yenye rangi ya shaba iliyokolea, ina utamu wa ajabu na hamira inayojitambulisha yenyewe. Baada ya Landlord itakuonyesha kwamba bia mbili za ukoo mmoja zinaweza kuwa mbali kiasi gani.

Namna ya kuionja, basi. Agiza painti nzima ya bia moja. Najua baa nyingi zinauza ubao wenye glasi tatu za theluthi, na kwa bia nyingine ni wazo zuri, lakini kwa bita ni kujidanganya, kwani kile unachokitafuta kinakuja baada ya theluthi ya kwanza. Ukiwa na wasiwasi, muombe mhudumu akuonjeshe kidogo kabla ya kununua. Ni desturi, hakuna anayekuona bahili. Ukiona kibao cha bomba kimegeuzwa mgongo, bia hiyo imeisha au bado haijawa tayari, usiiulize.

Kwanza iangalie kwenye mwanga. Rangi itakuwa kati ya dhahabu na shaba, na isipokuwa imeandikwa kwamba ina ukungu, uone vidole vyako upande wa pili. Kaskazini povu liwe zito, kusini likiwa jembamba si kosa. Likizidi na bia ikapungua, omba ajazie, ni haki yako. Kisha inuse kabla haijapoteza chochote, maana harufu ya bita haipigi hodi kwa nguvu. Tuliza pua juu ya povu, pumua kawaida, usivute kama unayenusa ubani. Tafuta vitu viwili tu: kimea na hopsi. Ukivipata vyote viwili bila mmoja kumfunika mwenzake, umeanza vizuri.

Kisha funda. Liwe funda kamili, si kulowesha midomo. Bia hii ina mwili mwepesi na gesi kidogo, kwa hiyo ukiichukua kwa matone haijazi kinywa na hutasikia kitu. Iache ipite ulimi mzima. Kile kinachosemwa kwamba uchungu unasikika nyuma ya ulimi peke yake si kweli, ulimi wote unasikia, ila uchungu unachelewa na kukaa. Meza. Usiteme kama wanavyofanya wa mvinyo, kwani nusu ya bita iko baada ya kumeza. Toa pumzi puani, hapo ndipo harufu ya chungwa na majani inarudi kwa njia ya nyuma. Halafu subiri bila kunywa. Kwanza unaondoka utamu, kisha uchungu unapanda, kisha unakuja ukavu fulani kwenye kingo za ulimi, kama chai ya rangi iliyokolea. Ukavu huo ukiwa safi, mate yanajaa na mkono unakwenda kwenye glasi wenyewe. Ukiwa na ukakasi, kama ndizi mbichi, mpishi au mtunza mapipa kuna mahali alikosea.

Baada ya hapo acha kazi. Ongea na wenzako, sikiliza ugomvi wa mpira, kunywa bila kuifikiria. Glasi ikifika nusu irudie akili yako. Sasa ina joto la nyuzi moja au mbili zaidi, na ulimi umezoea. Je, utamu wa kimea umejitokeza? Je, umeona matunda ambayo mwanzoni hayakuwepo? Je, uchungu unaokera mwanzoni umekuwa uti wa mgongo unaoushikilia utamu? Au imekuchosha, na unaimalizia kwa sababu umelipia? Hapo ndipo hukumu inapotolewa, na usishangae ukitofautiana na wenzako. Mimi zipo bita maarufu ambazo sizipendi, na moja ni ile ambayo London nzima inaijua.

Chakula kinasaidia. Jibini kali ya Cheddar au ile ya Wensleydale ya hapo hapo Yorkshire inafanya kazi nzuri, kwani mafuta yake yanafunika ulimi na uchungu unayafuta. Samaki wa kukaanga na chipsi vile vile. Pilipili kali iache kwa leo, inaongeza uchungu mpaka unabaki huo tu.

Kuhusu bia mbovu, dalili ni chache na zinajulikana. Harufu ya siki maana yake pipa limekaa wazi siku nyingi, ndilo kosa utakalolikuta zaidi. Kadibodi au karatasi iliyoloa ni hewa iliyoizeesha. Harufu ya siagi au bisi, ikiwa nyingi, ni hamira ambayo haikuachwa imalize kazi, ingawa wapishi wachache wa kaskazini huiacha kidogo kwa makusudi. Harufu ya dawa ya hospitali ni uchafu, mara nyingi kwenye mabomba. Harufu hafifu ya kiberiti kwenye bia za Burton ni ya asili na inaondoka. Ukikuta kosa, mrudishie mhudumu ukiwa umekunywa funda moja au mawili, useme kwa upole kwamba unadhani bia hii imechacha. Baa inayojiheshimu inabadilisha bila maneno. Ukinywa robo tatu ndipo ulalamike, hapo utajibiwa kwa macho. Baa nyingine zina kibandiko cha Cask Marque mlangoni, maana yake wakaguzi wamekuja wakapima joto, rangi, harufu na ladha. Ukiwa mgeni mjini, anza na hizo.

Neno moja kuhusu nguvu, kwa sababu watu wetu huidharau bia ya asilimia 3.8. Bita haikuwa dhaifu hivi siku zote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza nafaka zilipungua, kodi ikapanda, na bia zote za Uingereza zikashushwa nguvu. Vita ilipoisha hazikurudi zilipokuwa. Wapishi wakajifunza kuweka ladha nyingi kwenye kilevi kidogo, na hilo kwangu ndilo tendo kubwa kuliko kupika bia ya asilimia 8, ambayo kilevi chenyewe kinakusaidia. Lakini kidogo si sifuri. Painti ni mililita 568, kubwa kuliko chupa yetu ya 500, na painti 6 za asilimia 4 zinamaliza kiwango cha wiki nzima ambacho idara ya afya ya Uingereza inashauri mtu asikivuke.

Sasa baba. Bita ya pipa haisafiri, hiyo ifute akilini. Hata ukiijaza kwenye chupa hapo baa, kesho yake imekufa. Lakini bia hizo hizo huuzwa kwenye chupa. Huwa zimechujwa na kuongezwa gesi, kwa hiyo ni binamu, si yeye mwenyewe. Ukiweza, tafuta zile ambazo lebo inasema zimekomaa ndani ya chupa, zina hamira hai na zinakaribia ya pipa. Chagua chupa ya kahawia, kwani mwanga ukipita kwenye kioo cheupe unaigusa hopsi na bia inanuka vibaya kabla hujafika Kilimanjaro. Zifunge kwa nguo katikati ya mzigo wa kupakiwa, si wa mkononi. Zikifika, zisimamishe wima mahali penye giza kwa siku mbili, mashapo yashuke. Weka kwenye friji saa chache, zitoe dakika 20 kabla ya kunywa, maana joto la Moshi litamalizia kazi lenyewe, kisha mimina polepole kwa mmimino mmoja bila kuisimamisha chupa tena, ukomee pale ukungu unapoanza kufika shingoni. Ukungu ukiingia hauna madhara, ni hamira tu, na kama baba ni mnywaji wa mbege hatashtuka hata kidogo.